Kila asubuhi naisoma kanga ya mama

Saa 11 alfajiri. Kabla ya kumwamkia, natazama kanga aliyojifunga. Leo ni "Mdhaniaye ndiye kumbe siye". Basi najua jana nilikosa, ila kosa lenyewe sitaambiwa. Mama ana miaka 76, na tangu nikiwa mdogo hasira zake nazisoma kwenye kanga.

"Shikamoo mama."

Kimya. Ananyoosha kidole nimtoboe. Sukari ni 12.8. Namchoma insulini, nampa uji wa ulezi. "Uji wa mfungwa huu," anasema, ila anaumaliza. Nashukuru kimoyomoyo. Akichomwa sindano asipokula, sukari inaporomoka. Mwezi uliopita nilimkuta anatetemeka, jasho linamtiririka, hanitambui.

Saa 2 niko kibandani kwangu, Ngamiani, hapa Tanga. Nina sare za shule na doti nne za kukata na kupinda. Kufika saa 5 mama ameshapiga simu mara saba. Kanga yake mpya haionekani. Mara kaiba dada wa kazi, mara nimeiuza mimi. Kuitwa mwizi bado sijakuzoea. Nalia kidogo, nafuta macho, nakanyaga cherehani, mteja anasubiri.

Saa 7 narudi na bodaboda kumlisha. Nikitandika kitanda nakuta kashata chini ya mto. Nampazia sauti, mama yangu mzazi. Naye ananiambia, "Nimeanika singa miaka 19 ili uje uninyime kashata?"

Ni kweli ameanika, kwenye mashamba ya mkonge huko Muheza. Majani yakishapita kwenye korona, mashine ya kuyasaga, wao walizitandaza zile singa mbichi, nyuzi za mkonge, kwenye waya, juani, kutwa nzima. Hii cherehani inayonilisha ilitoka kwenye singa hizo. Aliinunua, akaiweka chumbani kwangu, akaondoka bila neno. Watu huniambia mama ni mama, vumilia. Ukali wake naumudu. Ninachoshindwa ni kwamba nina miaka 47, sijawahi kusikia neno tamu kinywani mwake, na bado nalingoja.

Saa 12 jioni, sindano ya pili. Namwogesha, namkausha katikati ya vidole vya miguu, nakagua nyayo kama zina kidonda, maana miguu imekufa ganzi. Akikanyaga msumari hatajua. Hapo tu ndipo hanifukuzi. Mara nyingine huegemeza mkono kichwani pangu, kama mtu anayeshika ukuta asianguke. Sisogei mpaka auondoe.

Saa 3 usiku. Ile kanga "iliyoibwa" nimeikuta ndani ya foronya yake, haijapindwa. Naipinda, nampelekea. Macho hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo anaupitisha upindo taratibu kati ya vidole vyake.

"Hapa uzi umeruka."

Namulika kwa tochi ya simu. Umeruka kweli.

"Fumua."

Nafumua.