Chelezo cha Méduse na lami iliyokula picha

Ukisimama mbele ya mchoro wa Chelezo cha Méduse pale makumbusho ya Louvre, Paris, anza na tanga, watu baadaye. Tanga limejaa upepo na linavuta chelezo kushoto. Meli ya Argus, tumaini pekee la waliomo kwenye chelezo, iko kulia, kidoa tu kwenye upeo wa macho. Mchoraji Mfaransa Théodore Géricault ameipanga miili ipande kutoka kwa maiti walio chini kushoto hadi kwa mtu mweusi anayepunga kitambaa juu kulia. Watu wanakwenda huku, bahari inawapeleka kule. Maji yenyewe kayapa nafasi ndogo, na wimbi moja linaloinuka nyuma ya tanga linatosha kutisha.

Méduse, meli ya Kifaransa, ilikwama pwani ya Mauritania Julai 1816. Kati ya watu wapatao 147 waliopakiwa kwenye chelezo, 15 tu walikutwa hai baada ya siku 13.

Turubai lina mita 4.91 kwa 7.16, na bado Géricault alitumia brashi ndogo! Alichora mistari ya nje juu ya turubai jeupe, kisha akamaliza umbo moja baada ya jingine kwa mafuta mazito yanayokauka upesi. Sehemu aliyoianza leo ilibidi aimalize leo, kabla rangi haijashika. Ndiyo maana misuli ile inaonekana kama imechongwa.

Kosa lake lilikuwa lami, aliyoitumia kwenye vivuli. Ikiwa mbichi, lami ina kahawia nzito yenye mng'ao wa kupendeza mno. Lakini haikauki ikaisha. Rangi ya juu hukauka huku ya chini ingali inatembea, basi uso hujikunja, hupasuka na kuwa mweusi. Inaumiza, kwa kuwa vivuli ndivyo vilivyobeba nusu ya hofu ya picha hii.

Ukitaka kuchora mwenyewe giza la bahari kama hili bila lami, changanya ultramarini (buluu iliyokolea) na amba iliyochomwa (kahawia ya udongo), bila rangi nyeusi. Tabaka la kwanza liwe jepesi, lenye tapentaini ya kuzimua rangi. Yanayofuata yazidishiwe mafuta ya kitani kidogo kidogo. Ukigeuza mpangilio huo, utapata nyufa zilezile hata bila lami. Povu liache mwisho: beba nyeupe nzito, gusa mara moja, inua brashi. Ukisugua, nyeupe itakokota buluu ya chini na wimbi litageuka rangi ya majivu.