Upande B

Mwaka 1999 nilikuwa nashika kibanda cha mjomba cha kurekodi kanda, Kirumba, Mwanza, hatua chache tu kutoka soko la samaki la Mwaloni. Harufu ya dagaa ilishaingia mpaka kwenye spika. Mteja analeta orodha yake kwenye kikaratasi, Sikinde mbili, Koffi tatu, nami namjazia.

Siku moja mwalimu wa kujitolea aliyekuwa anarudi kwao Uingereza akatuuzia mfuko mzima wa kanda. Mjomba hakusikiliza hata moja.

"Ziba, tia Koffi."

Kanda za kiwandani hazina vile vijimeno vya juu. Unasokota karatasi, unaziba vishimo viwili, deki inakubali kurekodi. Mkono wangu ulikuwa mwepesi kwa kazi hiyo. Niliziba, nikafuta, moja baada ya nyingine.

Ile ya Joy Division, bendi ya Uingereza, nilikuwa nimeshamaliza upande A. Nilipoigeuza, kidole kikabonyeza kucheza badala ya kurekodi. Gitaa la besi likaanza kuzunguka palepale, na sauti ya mwanamume ikaja nyuma yake, mbali, kama mtu anayeongea kisimani.

Mama muuza dagaa wa jirani akaacha kupepeta.

"Mwanangu, nani kafiwa?"

"Hakuna, mama. Ni wazungu hawa."

"Basi mzungu kafiwa."

Kiingereza hakijui hata neno. Nikachukua kasha, nikatazama picha: kaburi. Marehemu kalazwa, wanaomlilia wameinama juu yake.

Habari yenyewe niliipata miaka mingi baadaye, intaneti ilipofika mjini. Kanda ile, "Closer", ilikuwa albamu yao ya pili, na ya mwisho. Mwimbaji, Ian Curtis, alijitoa uhai tarehe 18 Mei 1980, akiwa na miaka 23, kesho yake wakiwa na safari ya Marekani. Albamu ikatoka tarehe 18 Julai. Kwa hesabu zetu, arobaini ilishapita. Na ile picha ya kaburi ilichaguliwa yeye akiwa bado hai. Hilo lilinikosesha usingizi kidogo.

Watatu waliobaki walibadili jina, wakawa New Order. Hapo nikacheka peke yangu kama chizi. "Blue Monday" yao ya mwaka 1983, dakika saba na ushee, nilikuwa nawarekodia watu wa disko bila kujua kuwa wapigaji ni wafiwa walewale.

Nyimbo tano za upande A niliziua mimi. Nne zilizobaki nilimficha mjomba; juu ya kanda niliandika MBOVU kwa kalamu nyekundu. Jioni, mama wa dagaa akifunga magunia yake, alikuwa anaita kutoka kule kwake, "Hebu tuwekee yule mfiwa." Nampigia mmoja, jicho langu likiwa barabarani. Kofia ya mjomba ikichomoza tu, Koffi anarudi hewani.