Waliolipia uhuru wa Asia Bibi

Kila tunapowaombea ndugu zetu wanaoteswa kwa ajili ya imani, akili yangu hukimbilia Pakistani, kwa Asia Bibi. Alikuwa kibarua wa shambani katika jimbo la Punjab. Mwaka 2009 wanawake aliofanya nao kazi walikataa maji aliyowatekea, kwa kuwa yameguswa na Mkristo. Maneno yakazaa maneno, na siku chache baadaye akashtakiwa kwa kumkufuru Mtume. Novemba 2010 akahukumiwa kunyongwa.

Kisa hiki tumekisimulia sana, ila kwa kawaida tunakisimulia nusu: Mkristo anaonewa, Mwislamu anaonea, dunia inapiga kelele, mfungwa anatoka. Wiki hii nimekipitia upya, na kinachonikaa rohoni ni wale waliolipa.

Salmaan Taseer, gavana wa Punjab na Mwislamu, alimtembelea gerezani akataka asamehewe. Tarehe 4 Januari 2011 mlinzi wake mwenyewe alimmiminia risasi mjini Islamabad. Muuaji alipofikishwa mahakamani, baadhi ya mawakili walimrushia maua ya waridi. Mawakili, jamani! Haikupita hata miezi miwili akauawa Shahbaz Bhatti, Mkristo pekee katika baraza la mawaziri, aliyekuwa akitaka sheria ya kukufuru irekebishwe. Alijua yatakayompata, na alikuwa amekwisha kuyasema mbele ya kamera.

Wakili Saiful Malook, naye Mwislamu, alisimama na Asia hadi Mahakama ya Juu ilipomwachia huru tarehe 31 Oktoba 2018. Ikambidi akimbilie Uholanzi, kisha akarudi Januari iliyofuata kumtetea tena hukumu ilipoombewa mapitio. Majaji watatu waliomwachia walitangaziwa hadharani kwamba wanastahili kufa. Mmoja wao, Asif Saeed Khosa, aliifunga hukumu yake kwa hadithi ya Mtume inayowaonya wanaowadhulumu wasio Waislamu walio chini ya ulinzi wao.

Sasa nikilinganisha hayo na barua zangu za kuwatetea wafungwa wa imani, ninazoandika nimeketi salama kabisa! Sisemi barua hazina kazi. Baada ya hukumu, mume wa Asia mwenyewe aliziomba Uingereza, Marekani na Kanada ziwapokee, na mama huyo akaondoka kwenda Kanada Mei 2019. Hapo sauti za nje zilihitajika. Lakini kuna wakati kelele zetu huwapa wenye chuki hoja kwamba mshtakiwa ni kibaraka wa wageni, na anayeubeba mzigo huo ni wakili wa huko huko. Ndiyo maana siku hizi nataka kwanza kujua familia na mtetezi wanasemaje: tupaze sauti, au tunyamaze kidogo?

Na jambo la pili, ambalo najua litawaudhi baadhi ya wenzangu. Kifungu cha 295-C cha sheria ya jinai ya Pakistani, kinachoadhibu kumkufuru Mtume na kilichoingizwa mwaka 1986, hakiwashiki Wakristo peke yao. Waahmadiyya, ambao sheria ya Pakistani haiwahesabu kuwa Waislamu, wamo, Wahindu wamo, na Waislamu wengi tu. Mashal Khan, mwanafunzi Mwislamu, aliuawa na wenzake chuoni Mardan mwaka 2017 kwa tuhuma za kukufuru. Tukimlilia Mkristo tu, tunaomba upendeleo na kuuita uhuru wa dini. Kifungu cha 18 cha Tamko la Haki za Binadamu la 1948 kinasema kila mtu, na kila mtu ni pamoja na yule tusiyeafikiana naye hata kidogo.

Agosti 2023, katika mji wa Jaranwala huko Punjab, umati ulichoma makanisa na nyumba za Wakristo kwa tuhuma za kuikashifu Kurani. Sheria ipo vilevile. Kwa hiyo barua yangu ya safari hii haitaomba msamaha kwa mfungwa mmoja. Itadai ulinzi kwa mawakili na majaji wa kesi hizi, na adhabu kwa anayemsingizia mwenzake, hata kama aliyesingiziwa si wa kanisa langu.