Nilivyorekodi nyatiti kwa miksa ileile iliyohudumia sherehe

Familia moja ya Nyakach ilinipa kazi mbili za siku moja. Bibi yao alikuwa anatimiza miaka 90, na walitaka watu watakaokaa chini ya mahema wasikie vizuri. Walitaka pia muziki urekodiwe sawasawa, si kwa simu, ili wajukuu walio ng'ambo waupate. Angekuja mzee wa nyatiti, kile kinubi cha Waluo, kijana wa orutu, ile fidla ya uzi mmoja, na akina mama wa kuitikia. Mimi nina miksa moja tu, mashine ya kuchanganya sauti, ya chaneli 12, ya analogi, niliyoinunua hapa Kisumu ikiwa imeshatumika. Nikakubali kazi, lakini moyo haukutulia.

Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeiharibu kazi kama hiyo kule Kajulu. Nilichukua waya kutoka pale sauti inapotokea kwenda kwa spika, nikauchomeka kwenye rekoda. Niliamini kwamba kile wanachosikia watu ndicho kitakachorekodiwa. Usiku nilipofika nyumbani na kufungua ile rekodi, ngoma hazikuwepo. Mwimbaji amejaa kila mahali, na ngoma za ohangla ziko mbali kama zinapigwa ng'ambo ya mto. Nilipotulia nikaelewa. Ngoma ina nguvu zake yenyewe, uwanjani haikuhitaji spika ila kidogo sana, kwa hiyo feda yake, kile kitelezi cha chini, nilikuwa nimeishusha karibu na sakafu. Masikio ya watu yalikuwa yanachanganya sauti ya spika na ngoma yenyewe. Rekoda ilikuwa inapata cha spika peke yake. Wenye shughuli hawakunilaumu, lakini niliumia, maana siku ile haitarudi na wale wapigaji hawatapiga tena vile.

Safari hii nilikaa na miksa mezani jioni tatu mfululizo, sijawasha hata spika, nafuata tu sauti inapita wapi. Kilichonisaidia ni Ahero, nilikokulia. Kwenye skimu ya mpunga maji yanapampwa kutoka mto Nyando, yanaingia mfereji mkubwa, halafu mifereji midogo inachepuka kwenda mashambani. Kila mtoto wa pale anajua kwamba anayechepusha maji juu ya lango hana habari na lango. Lango lifungwe au lifunguliwe, shamba lake linanywa. Anayechepusha chini ya lango ndiye anayemtegemea mwenye lango. Na yule anayeshika pampu kule mtoni anawatawala wote.

Miksa ni hivyohivyo. Pampu ni geini, kile kitufe cha kuzungusha kilicho juu kabisa. Baada ya geini, kwenye miksa yangu, kuna tundu la insati. Kisha inafuata ikwalaiza ya besi, kati na juu. Kisha oksi, yaani njia ya pembeni, ya monita, ile spika inayomwelekea mwimbaji, ambayo inachepuka kabla ya feda, ndiyo maana mwimbaji anaendelea kujisikia kwenye monita yake hata ukiwashushia watu sauti. Kisha feda yenyewe, ambayo ndiyo lango. Chini ya feda inachepuka oksi ya mwangwi, kwa sababu ukimshusha mwimbaji unataka mwangwi wake ushuke naye. Mwisho sauti zote zinakutana na kwenda kwa spika. Kosa langu la Kajulu lilikuwa kuteka maji mwisho wa mfereji, baada ya kila lango. Nilipaswa kuteka juu.

Kwa hiyo niliamua kutumia insati. Tundu lile limewekwa ili uitoe sauti ya chaneli, uipitishe kwenye kifaa kingine, kisha uirudishe. Lakini kwa kuwa liko mara tu baada ya geini, kabla ya ikwalaiza na kabla ya feda, ni mahali pazuri pa kutekea sauti ya kurekodi. Wengi tunajua ile njia ya haraka: unachomeka jeki ya robo inchi ya mono hadi isikike mlio wa kwanza tu, usiisukume hadi ndani, basi unapata sauti bila kuikata inayoendelea kwa spika. Niliijaribu wiki moja kabla, kwenye mazoezi ya kwaya ya kanisa letu. Ilifanya kazi mpaka mtu alipopita na kugusa waya. Jeki ikatikisika, nikapata mikwaruzo katika wimbo mzima.

Sikutaka kwenda Nyakach na kitu cha kutikisika. Nikaenda soko la Kibuye kutafuta jeki nne za stereo, zile zenye pete mbili nyeusi, nikazilehemu mwenyewe: ncha na pete yake ya kati nimeziunganisha pamoja. Kwenye insati sauti hutoka kwa ncha na kurudi kwa pete. Ukiziunganisha, inatoka na kurudi palepale, nawe unachukua nakala. Jeki inaingia hadi ndani kabisa, haitikisiki. Ni kazi ya nusu saa na risasi kidogo ya kulehemu, na sijui kwa nini nilikuwa sijaifanya miaka yote hii. Ila angalia kijitabu cha miksa yako kwanza, kwa maana kuna miksa chache ambazo ncha na pete hubadilishana kazi.

Rekoda yangu ina matundu manne. Nilitenga la kwanza kwa sauti ya mzee, la pili nyatiti, la tatu orutu. La nne nililipa maikrofoni iliyowaelekea akina mama wa kuitikia na uwanja, kuchukua vibwagizo na vigelegele. Maikrofoni hiyo feda yake ilikuwa chini kabisa siku nzima. Uwanjani haikusikika hata punje, kwa sababu akina mama wale hawahitaji spika. Kwenye rekoda walikuwepo. Hilo peke yake lilinifuta ile aibu ya Kajulu.

Jambo gumu la mpango huu ni geini. Ukishateka sauti baada ya pampu, ukigusa pampu katikati ya wimbo umegusa kila kitu: spika, monita na rekodi. Inabidi uipange mara moja, uiache. Asubuhi mzee alipofika nilimsalimia, nikamwacha anywe chai, ndipo nikamwomba apige.

“Moja, mbili, moja, mbili,” akaanza kusema.

“Samahani jaduong', mzee wangu, nakuomba uimbe kabisa, kama vile bibi amekaa mbele yako.”

Akaniangalia kidogo, akavuta kigoda chake, akafunga njuga mguuni. Nilibonyeza PFL ya chaneli yake, ambayo inakusikizisha na kukuonyesha kwenye mita sauti ilivyo kabla ya feda, nikazungusha geini hadi taa zikacheza karibu na sifuri. Kisha nikairudisha nyuma kidogo tena. Nimejifunza kwamba mwanamuziki wa asubuhi si mwanamuziki wa saa nane. Watu wakianza kucheza na pesa zikianza kuchomekwa kwenye kofia, sauti inapanda, na ukiwa hujamwachia nafasi juu rekodi inapasuka na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kwa nyatiti nilitumia maikrofoni ya kondensa, nikaiweka kama sentimita 30 kutoka kwenye ile ngozi ya kisanduku. Kondensa inahitaji umeme wa volti 48 kutoka kwa miksa, na kwenye yangu kitufe ni kimoja kwa chaneli zote. Maikrofoni za kawaida za kuimbia hazidhuriki, mradi nyaya ziwe nzima, lakini nyamazisha kila kitu kabla ya kukibonyeza, la sivyo spika zitapiga kishindo. Halafu kuna kile kitufe cha kukata besi, ambacho kwenye miksa yangu kinaondoa sauti zilizo chini ya hezi 80. Kwa waimbaji huwa nakibonyeza bila kufikiri, kinaondoa upepo na mguno wa jukwaa. Kwa nyatiti nilikiacha wazi. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu na kuigonga kwenye mbao ya ala yenyewe huku mikono iko kwenye nyuzi nane. Mdundo huo ndio unaoutembeza wimbo. Kwenye hedifoni niliusikia ukiwa mkavu, mzito, na nyuma yake njuga zikijibu. Sikuwa tayari kuukata hata kidogo.

Saa nane na nusu hivi, wimbo wa tatu, spika zikaanza mluzi. Mzee alikuwa amejisogeza mbele kumwelekea bibi, na kondensa imeanza kusikia spika. Mkono wangu ulienda juu kwenye geini. Nimefanya hivyo miaka mingi, mkono unaenda wenyewe. Nikausimamisha hewani, nikashusha feda badala yake, kisha nikazungusha kile kitufe cha masafa ya kati hadi nikaupata mluzi, karibu na kilohezi 2.5, nikaupunguza, nikapandisha feda polepole. Uwanjani nyatiti ilipungua makali kwa dakika moja hivi. Kwenye rekoda kupunguza kwangu hakukusikika popote, kwa sababu ikwalaiza na feda viko chini ya pale nilipoteka. Mluzi wenyewe umeingia kwa sekunde mbili, maana ulikuwa hewani na maikrofoni iliusikia. Basi.

Umeme tulitoa kwa jenereta, na nilijua itanguruma kwenye nyaya, kwa hiyo kila waya mrefu kwenda na kutoka jukwaani ulikuwa wa XLR, ule wa pini tatu usioshika mngurumo kirahisi, na jenereta tuliiweka nyuma ya migomba, mbali iwezekanavyo. Haikunisumbua.

Kuna wenzangu wanaoniambia niache haya yote, ninunue miksa ya dijitali. Wana haki. Behringer X32, kwa mfano, ambayo ilitoka 2012, inatoa chaneli 32 kwa kompyuta kupitia waya mmoja wa USB, na unachagua pa kutekea kwenye skrini. Siku nikiwa nayo nitafurahi. Lakini nimewaona vijana wawili hapa Kisumu wenye miksa nzuri kuliko yangu wakirekodi baada ya feda, kwa sababu hivyo ndivyo walivyoikuta imepangwa, na wakapata kilekile nilichopata Kajulu.

Nyumbani Nyalenda nilizichanganya zile njia nne kwa usiku mbili. Orutu niliipeleka kushoto kidogo, akina mama nikawatandaza nyuma, sauti ya mzee na nyatiti katikati. Mwangwi sikuongeza, uwanja ulikuwa na wa kwake. Kabla ya kuipeleka kwa familia nilimpelekea mzee kwanza, nikaona ni haki yake. Alivaa hedifoni, akafumba macho, kidole gumba cha mguu kikaanza kugonga sakafu. Wimbo wa pili ulipofika katikati alivua.

“Uzi wa tatu ulikuwa umelegea,” akasema. “Hapo.”

Nilirudisha nyuma, nikasikiliza mwenyewe mara mbili. Kweli, ulikuwa umelegea.