Fomu ya uraia ilivyotukuta na mkeka mkononi

Wiki juzi Jumamosi mdogo wangu alikuja kwangu hapa Kent, karibu na Seattle, Marekani, na laptop yake tumalizie fomu ya uraia. Ni mtoto wa mama mdogo, tumelelewa nyumba moja Tanga, nilimtangulia kuja huku na yeye ndio ametimiza miaka mitano ya Green Card (kibali cha kuishi huku moja kwa moja), kwahiyo hiyo fomu, N-400, ilikuwa furaha ya familia nzima, mama kule nyumbani anauliza kila siku imefikia wapi. Nikachemsha chai, tukakaa mezani jikoni tukaanza, kazi ulizofanya, safari ulizosafiri, kodi, watoto, yote yanaenda vizuri mpaka tukafika ile sehemu ndefu ya ndiyo na hapana. Pale yeye akawa anabofya hapana, hapana, hapana kama mtu anayetwanga, na mimi nasoma kwa sauti, nikafika kwenye swali linalouliza kama umewahi kucheza kamari kinyume cha sheria au kupata kipato kutokana na kamari ya namna hiyo.

Akasema dada bofya hapana twende.

Simu yake ilikuwa mezani, kioo juu, na wakati uleule ikawaka. Niliuona mkeka wake wa kubeti kwa macho yangu. Mechi sita, tano zimeshapata alama ya kijani, imebaki moja ya Hispania inachezwa dakika hizo, dau shilingi elfu mbili za Kitanzania, yaani haifiki hata dola moja. Laini yake ya Bongo bado anayo, M-Pesa yake bado inafanya kazi, anabeti kwenye kampuni ileile aliyokuwa anabeti tangu yuko Tanga. Nikamwambia mdogo wangu, ondoa mkono kwenye hiyo kompyuta.

Hakunielewa, na simlaumu. Kwetu kubeti ni kitu cha barabarani kabisa, kampuni zina leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, matangazo yako redioni asubuhi mpaka usiku, mtu anachana mkeka wake kijiweni hakuna anayemgeukia. Mtu akishatoka kwenye mazingira hayo akafika hapa, akawasha tivii kuangalia mpira wa Kimarekani, anakuta matangazo ya kampuni za kubeti, DraftKings na FanDuel, yamejaa, atajuaje kwamba jimbo alilokaa yeye ni kati ya yale makali kuliko yote? Maana Marekani kila jimbo lina sheria zake za kamari na matangazo ya tivii ya taifa hayajali uko wapi.

Sasa hapa kwetu Washington (jimbo, huku Seattle, sio ule mji wa ikulu) sheria ilikuwepo toka zamani, inakataza kutuma au kupokea taarifa za kamari kwa simu, kwa telegrafu, kwa redio, hadi kwa ishara za bendera, ndivyo ilivyoandikwa. Mwaka 2006 bunge la jimbo pale Olympia likaongeza na intaneti kwenye orodha hiyo, gavana Christine Gregoire akasaini na ikaanza kufanya kazi mwezi wa sita mwaka huohuo. Na adhabu wakaipandisha ikawa feloni daraja C. Hilo ni kosa kubwa la jinai, mwisho wake miaka 5 jela na faini ya dola 10,000, ni daraja moja na kuiba mali ya zaidi ya dola 750. Na sheria haikusema mwenye kampuni peke yake, imesema yeyote anayetuma au kupokea akiwa anajua anachofanya, kwahiyo na wewe uliyelala kwenye kochi lako Kent au Tukwila au Tacoma unaweka elfu mbili upo ndani. Na hakuna mahali ilipoweka msamaha kwa sababu kampuni iko Dar au Nairobi au kisiwa gani huko, wewe umekaa hapa na kidole chako kimebonyeza hapa.

Watu wanaodhani huku kamari imekatazwa kabisa wanakosea pia, na hapo ndipo panapochanganya. Katiba ya jimbo ya mwaka 1889 ndio ilikataza bahati nasibu moja kwa moja, ikaja kulegezwa 1972, sheria ya kamari ikatungwa 1973, bahati nasibu ya serikali ikaanza 1982. Leo tiketi unanunua kwenye duka la mafuta, kanisa linaruhusiwa kuchezesha raffle ya kuchangisha hela, farasi unaweza kuwabetia hata mtandaoni kwa njia iliyopewa kibali, na kasino za makabila ya wenyeji wa asili wa Marekani ziko kibao, ya Muckleshoot hapo Auburn ni karibu sana na kwangu. Mwaka 2020 wakaruhusu na kubeti michezo lakini ndani ya kasino za makabila tu, dau la kwanza likawekwa kasino ya Snoqualmie tarehe 9 Septemba 2021. Ukiwa ndani ya eneo la kasino hata kwa simu yako inaruhusiwa, apu inapima uko wapi, ukitoka nje ya mipaka yao inakata. Kwahiyo dau lilelile, mechi ileile, simu ileile, ndani ya ule mstari ni starehe ya Jumamosi na ukirudi nyumbani ni feloni. Na ukiendesha kusini kama masaa matatu ukavuka daraja la mto Columbia ukaingia Portland, huko Oregon bahati nasibu ya jimbo yenyewe ndio inaendesha kubeti mtandaoni pamoja na DraftKings. Nina rafiki anakaa Vancouver, ile ya upande wetu wa mto, anafanya kazi Portland, kila siku anavuka asubuhi na jioni, nimemwambia na yeye asome hili.

Kuna aliyejaribu kuipinga mahakamani. Lee Rousso, mwanasheria wa Renton na mcheza poka, aliishtaki serikali ya jimbo akisema sheria hii inabagua biashara ya kutoka nje ya jimbo na kulinda kasino za ndani. Kesi ikafika mahakama ya juu ya jimbo, majaji wote tisa wakamkatalia Septemba 2010, wakasema hoja sio kama kamari ya mtandaoni ni nzuri au mbaya, wenye kuamua hayo ni bunge na sio wao. Na bungeni nako kupanua kamari kunahitaji asilimia 60 ya kura kwenye mabunge yote mawili, kwahiyo sio mlango mwepesi.

Nitasema ukweli, ukali huu una upande uliosaidia watu. Kuna mama alicheza Big Fish Casino, mchezo wa simu wa chipsi za kufikirika ambazo huwezi kuzigeuza pesa, ila zikikuishia unanunua nyingine kwa hela halisi, akaliwa zaidi ya dola 1,000. Jimbo hili lina sheria inayomruhusu aliyeliwa kwenye kamari haramu kudai hela yake. Akafungua kesi, na 2018 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema ndiyo, zile chipsi ni kitu chenye thamani kwa sheria ya Washington maana bila hizo huwezi kuendelea kucheza, mwisho wake kampuni zikakubali kutoa dola milioni 155 kulipa wachezaji. Hapo sheria ilimkamata aliyekuwa anavuna na sio aliyekuwa anavunwa, na mimi ndivyo ninavyotaka iwe. Mwenye kuendesha mtandao wa kamari bila leseni mshike, mtoze, lakini kijana aliyetoka shifti ya usiku ghalani akaweka elfu mbili kwenye mechi sita kumpa jina la mhalifu wa feloni ni kitu ambacho siwezi kukitetea hata kidogo, nimejaribu kukifikiria kila upande sikioni haki yake.

Ila kwa sisi ambao bado hatuna uraia jambo ni zito zaidi ya hiyo faini na hiyo miaka mitano, na hii ndio sababu nimekaa kuandika haya yote.

Mtu ataniambia dada unatisha watu, polisi gani atakuja kugonga mlango kwa ajili ya shilingi elfu mbili? Sawa. Lakini fomu haikuulizi umekamatwa. Inakuuliza umewahi kufanya. Na kwenye fomu hiyohiyo lipo swali lingine linalouliza kama umewahi kutenda kosa lolote ambalo hukukamatwa nalo. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inataka uoneshe tabia njema kwa ile miaka mitano (mitatu kama umeolewa au umeoa raia), na ndani yake kamari imetajwa kwa jina, ukiwa umehukumiwa makosa mawili ya kamari au kipato chako kikubwa kinatokana na kamari haramu huna tabia njema, imekwisha. Mdogo wangu hayumo kwenye hayo mawili. Sasa ubaya ni huu, mtu anaona swali dogo anabofya hapana haraka haraka, halafu siku ya intavyuu anaapa, anaulizwa tena kwa mdomo na afisa, anasema hapana tena huku anajua. Kusema uongo chini ya kiapo ili upate uraia ni kosa lake lenyewe, nalo pia linavunja tabia njema, kwahiyo mtu anaweza kuingia na jambo dogo la elfu mbili akatoka na jambo kubwa la uongo. Na kila kitu kiko kwenye simu, kila dau lina saa na tarehe, M-Pesa ina meseji zake.

Na sio fomu hii tu. Nimekaa kwenye vikao vya harusi hapa, vijana wanaoneshana mikeka kama wanavyooneshana picha, kwenye magrupu ya WhatsApp mtu anatuma mikeka ya siku wenzake wanaicopy, anachukua na kamisheni kidogo. Huyo wa kamisheni ndio anayenipa hofu zaidi, maana sheria hapa inamuangalia vibaya zaidi anayepata faida kwa kamari za wenzake kuliko anayecheza mwenyewe. Na VPN haikusaidii kitu, inaidanganya apu tu, wewe bado uko Kent. Tafadhali kama wewe ni huyo acha leo, na kama una fomu inayokuja usijaze lile swali peke yako wala usinisikilize mimi, mimi sio mwanasheria, kaa na wakili wa uhamiaji kabla ya kubofya chochote.

Sisi ndivyo tulivyofanya. Fomu tuliisevu bila kuituma, Jumatatu nikapiga simu kwa wakili, akasema msiguse hilo swali, njooni Alhamisi na historia yote ya akaunti tangu alipoingia nchini. Jumanne jioni tukaenda maktaba kuprinti. Zilitoka kurasa kumi na moja, mstari kwa mstari, elfu mbili, elfu moja, elfu tatu, elfu mbili, na pembeni neno lilelile amepoteza, amepoteza, mara moja moja ameshinda. Alizishika zikiwa bado za moto kutoka kwenye mashine, akasoma ukurasa wa kwanza wote kimya, jamaa anayefuata kwenye foleni anatusubiri. Halafu akaniuliza, dada, na zile nilizobeti nikiwa Tanga, kabla sijaja, nazo zinahesabika? Nikamwambia zile nadhani hapana, kule ulikuwa na umri na kampuni ilikuwa na leseni, lakini nikachukua kalamu nikaliandika swali lake nyuma ya ukurasa wa kumi na moja, tumuulize wakili Alhamisi.