Siku ya bakteria viziwi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko feri ya Likoni, jasho tayari. Nikivuka nanunua mahamri na mbaazi, nala ndani ya matatu.

Saa mbili nafungua maabara yetu Tudor, joto lanipiga usoni. Stima ilikatika usiku. Kabati la kutunza nyuzi 25 lasoma 32! Ndani mna mirija kumi na miwili ya Agrobacterium, bakteria wa udongoni anayeotesha mimea uvimbe. Nusu niliitia asetosiringoni, kemikali inayovuja kwenye jeraha la mmea.

Saa tatu na nusu natia dawa ya kupimia. Jeni za mashambulizi zikiamka, rangi huwa ya njano, kama mchuzi uliokolea manjano. Nangoja. Wapi! Bakteria wenyewe wamenawiri, mirija ina ukungu kama tui jepesi, ila hakuna aliyesikia kitu.

Sikio lao ni protini iitwayo VirA. Ikihisi jeraha hujibandika fosfati, kisha humpokeza mwenzake VirG, naye huwasha jeni za kukata kipande cha DNA na kukiingiza kwenye seli ya mmea. Kwenye nyuzi 32 VirA haijibandiki tena, basi haina cha kumpokeza mtu. Bakteria anakula, anazaana, na jeraha liko mbele yake hana habari nalo. Joto letu la Mombasa ni kinga ya mmea na balaa la kazi yangu.

Saa sita mwanafunzi wa mazoezi aniuliza: "Sasa dada, mmea una wazimu? Unamwita adui?" Hauiti. Kemikali zile ni jamaa za vifaa vya kuzibia kidonda. Ukikaanga samaki humwiti paka, lakini paka atakuja.

Saa nane, sokoni Kongowea. "Karoti za kachumbari, mwanangu?" "La mama, za kutiwa ugonjwa." Ananitazama, kisha aniongeza moja, sijui kwa huruma. Kipande cha karoti ukikipaka bakteria hawa, baada ya wiki mbili tatu huota vinundu vidogo kwenye ule mduara wa kati.

Saa kumi na moja jioni naanza mirija upya: sukari, fosfati haba, asidi ya pH 5.5. Safari hii nimepanga chupa za maji baridi kabatini, stima ikienda zinikopeshe saa chache. Mlinzi nimemwachia namba.

Usiku nalala simu chini ya mto.