Watoto na likizo ya baridi huku Minnesota, Marekani
Huku Minnesota shule zikifungwa Desemba jua linazama kama saa 10 na nusu jioni, na mtoto wa miaka 4 hawezi kukwambia mama nina huzuni, atalia tu eti soksi imekaa vibaya. Usimgombeze jamani, mpakate kwanza, mwambie naona umekasirika, akitulia ndo muongee. Mi naona kinachowavuruga zaidi ni ratiba kupotea, tableti kutwa, kulala usiku wa manane, kwa hiyo muda wa kula na kulala usiuguse hata kama ni likizo. Mchana mvalishe jaketi na buti akacheze kwenye theluji, akirudi mpe uji wa moto. Na bibi wa Tanga mpigieni asubuhi, maana kule wametangulia masaa 9.